Chupa Zilizozikwa Kando ya Jiko

Simba, mwanamume wa Kibari anaweza kumtazama machoni, akipenda kufa mapema. Jua anaweza kulitazama, akipenda upofu. Uso wa mama mkwe wake hautazami kabisa, hata akipenda, na Cirillo, fundi wa baiskeli wa soko la Konyo Konyo mjini Juba, alikuwa ameitii sheria hiyo kwa bidii ya mtu anayefanya mtihani. Tangu amwoe Kiden, alimjua mama yake kwa nyayo, kwa kikohozi na kwa harufu ya mapishi. Siku moja walipokaribia kukutana kichochoroni, Cirillo aliingia katika ua wa watu asiowajua, akasimama akitazamana na mbuzi wao mpaka hatari ikapita. Mbuzi ndiye aliyeona haya kwanza.

Basi Kiden alipojifungua mtoto wao wa kwanza, Lagu, akakaa kwa mama yake apate nguvu, Cirillo akawa mume wa nje ya ua. Kila jioni baada ya kufunga kazi aliketi juu ya tairi kuukuu upande wa barabara, akaongea na mkewe kupitia tundu la ua wa nyasi. Chakula kilimjia kikipitishwa juu. Mtoto vilevile. Mama mkwe mwenyewe, Mama Natalina, alikuwa upande wa pili, sauti tu, kama Mungu wa Agano la Kale, ila huyu alipika.

Mama Natalina alikuwa amekaa miaka ya vita upande wa Uganda, akifanya kazi katika jiko la masista Waitalia. Amani ilipotiwa saini, kila mtu alirudi Juba na alichojaliwa: mmoja redio, mwingine cheti, mwingine mke wa pili. Yeye alirudi na pesto.

Kwa wale ambao hawakulelewa na masista, pesto ni kitoweo cha majani cha kulia makaroni. Rangi yake ng'ombe angeitambua. Harufu yake, hata hivyo, ingemtoa padri katikati ya kitubio. Cirillo aliujua upishi wake wote kwa masikio. Mwisho wa mvua, mrehani ulipojaa kando ya ukuta kabla haujatoa maua, alisikia majani yakichumwa, yakikung'utwa, yakitandazwa juu ya kitambaa yakauke umande. Alisikia karanga zikiruka kikaangoni, kisha zikisuguliwa maganda kwa viganja. Masista walizoea kokwa za misonobari ya kwao. Juba zilikuwepo karanga, na karanga hazikuwahi kulalamika. Kitunguu saumu kilitangulia kinuni pamoja na chumvi. Halafu yakaingia majani, na hapo mlio ulibadilika, kwa kuwa Mama hakuyatwanga. Aliuzungusha mchi kandokando taratibu, kama anayebembeleza. Zikafuata karanga, jibini ngumu ya chumvi kutoka kwa Mwarabu wa dukani, na mafuta ya simsim kidogo kidogo. Mwisho kabisa ulikuja mlio wa chupa za jemu zikigongwa polepole juu ya meza ili mapovu yapande yatoke, na juu ya pesto mafuta tena, kimo cha kidole.

"Hewa ndiyo adui," Mama alimwambia Kiden. "Sista aliniambia. Ukiifungia nje, kitu kinakaa."

Sista alikuwa amesema na jambo la pili: chupa zikae ndani ya friji, na ziliwe upesi. Lakini ile friji ya mafuta ya taa ilibaki Uganda pamoja na Sista, na jambo la pili likabaki huko nayo.

Mahali pa friji, Mama aliweka ardhi. Watu waliokimbia vita wana imani moja isiyomo katika katekisimu: kitu kikizikwa vizuri, kitakungoja. Mwaka ule askari walipokuja kuchoma nyumba, Mama alipaka cherehani yake mafuta tele, akaifunga turubai, akaizika. Aliporudi baada ya miaka yote hiyo aliifukua, akaifuta, akashonea gauni siku ileile. Majirani walifukua majembe, vikombe vya altare, hata baiskeli, ambazo Cirillo alizikagua kwa heshima na kuzitangaza marehemu. Cherehani ya Mama ilishona. Tangu hapo hakuna mtu aliyeweza kumweleza lolote kuhusu mafuta na udongo.

Kwa hiyo chupa nazo zilizikwa, kando ya ukuta wa jiko, mahali mchwa hawapapendi kwa sababu ya moto. Ardhi ya pale ilikuwa na joto la kuku anayeatamia. Zilikaa humo tangu mvua zilipokatika, zikingoja karamu ya ubatizo wa Lagu.

Ijumaa kabla ya ubatizo, Cirillo alimkuta Kiden tunduni na habari.

"Baba Lagu, mama amefukua pesto."

"Iko salama?"

"Imenenepa." Kiden alikuwa anacheka. "Vifuniko vimeinuka katikati, kama tumbo langu lilipoanza. Mjomba Ezbon amefungua kimoja, kikapiga mluzi kama pampu yako. Mafuta yakamrukia kwenye shati la kanisani. Mama anasema imepata uhai."

"Na harufu?"

"Tamu. Mbona umenyamaza?"

Fundi wa baiskeli hana elimu kubwa, lakini jambo moja analijua kuliko askofu: upepo hauingii mahali wenyewe. Kitu kikivimba ndani ya kifuniko kilichofungwa, kuna anayepumua humo. Na Cirillo alikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Huko Arua, Uganda, alipokuwa kijana wa dukani, kulikuwa na mlinzi aliyeitwa Konga, mtu mcheshi, aliyechukua kopo la nyama lililovimba na kusema kopo nene ndilo lililojaa. Alikula akalisifu. Walimzika wiki ileile, na mpaka mwisho akili yake ilikuwa nzima.

"Usile," alisema. "Mama naye asile. Hata kuonja."

"Nimwambieje?"

"Mwambie imeharibika."

"Nilimwambia, kwa utani tu. Akasema masista waliila miaka yote na hakuna aliyekwenda mbinguni kabla ya zamu yake."

"Basi mwambie kwamba hiyo ni..."

Akaacha. Kiden naye hakucheka tena.

Neno lenyewe ni sumu, na mahali pengine ni neno la kawaida, huandikwa kwenye makopo ya dawa ya panya. Pale mitaani kwao lilikuwa na miguu. Likishatamkwa huanza kutafuta mtu wa kuingia, na likimpata mwanamke, hasa mjane apikaye vitu vya kijani vilivyotoka ardhini, halimtoki. Kule kambini Uganda, watu walimfukuza bibi mmoja kwa majembe, kwa sababu mgeni wake aliumwa tumbo. Likitamkwa na mkwe, hata majembe yangechelewa.

"Ukilisema," Kiden alisema polepole, "usirudi kwenye tundu hili."

Cirillo alikaa juu ya tairi lake akafikiri mpaka miguu ikafa ganzi.

"Sawa. Mwambie nazitaka."

"Unataka nini?"

"Chupa zote. Mwambie mkwe wake ana tamaa."

"Za karamu ya watu wote? Baba Lagu, utaaibika mpaka Yei."

"Mwambie nimeiota. Mwambie nimeamka mto umelowa mate."

Kiden akacheka tena, na kicheko hicho kilimpa Cirillo faraja ambayo hakustahili. Mpango ulikuwa mzuri. Mama mkwe humnyima mkwe uso wake tu. Kitu kingine akiombwa, hutoa, na hutembea akiwa ameinua kichwa.

Jumamosi, jua likiwa limepanda, Mjomba Ezbon alifika sokoni na kapu kichwani. Alikuwa kaka yake Mama Natalina, mtu mrefu, aliyeishi Uganda mpaka Kiswahili chake kikavua viatu.

"Mkwe," alisema, akitua kapu kwa taadhima ya mtu anayeleta masalio ya mtakatifu, "mimi iko na mzigo yako. Dada yangu nasema kula, nenepa, na Mungu akusamehe."

"Asante, Mjomba. Ni zote?"

"Yote. Hata ile ilinitemea."

Cirillo alikuwa anajaza upepo tyubu ya mteja. Alipumua kwa mara ya kwanza tangu jana yake, akaendelea kupampu.

"Lakini usifikiri ilikuwa rahisi," Ezbon alisema, akijitafutia kigogo cha kukalia. "Natalina alikataa kuileta hivi hivi. Nasema, mkwe hajaomba kitu tangu aoe, leo ameomba, iende kwake bila chumvi? Basi asubuhi akakaa chini na mkate. Akaonja chupa moja, akaonja ingine. Zote. Zile zilinona sana akarudia. Nasema imekolea."

Pampu ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, mpaka tyubu ikapasuka na wauza nyanya wa jirani wakalala chini.

"Na Kiden?" Cirillo aliuliza, watu walipoinuka.

"Alinyimwa. Alipeleka kidole, mama yake akaipiga. Ni ya mkwe."

"Na wewe?"

"Mimi sili kitu inanitemea."

Cirillo alisubiri Ezbon aondoke. Kisha akabeba kapu hadi kwenye choo cha shimo nyuma ya soko, akamwaga pesto yote, akatupa na chupa zake, akanawa mikono kwa mafuta ya taa. Kutwa nzima choo kile kilinukia kama nyumba ya masista, na watu walitoka humo na nyuso za kutafakari. Siku nyingine Cirillo angetoza kiingilio. Siku hiyo alikaa mbele ya tyubu iliyopasuka akilipanga jambo, na kila alipolipanga lilitoka vilevile. Laiti asingeomba, pesto ingengoja mezani mpaka Jumapili, na pengine kabla ya hapo angepata hila nyingine. Mama ameonja leo kwa sababu ameombwa.

Jioni alikuwa tunduni mapema.

"Mama anaendeleaje?"

"Anaimba. Anamwambia kila mtu kwamba wewe ni mlafi. Hajawahi kukupenda hivi."

Konga naye, siku ya kwanza, alipiga mluzi mpaka jioni.

"Na macho yake?"

"Macho ya nani?"

"Ya mama. Kope zake. Zimekaa sawa?"

"Baba Lagu, tangu lini unauliza kope za mama yangu?"

Cirillo akamweleza kuhusu Konga, kwa sauti ya chini, midomo yake ikigusa nyasi: jinsi ilivyoanza kwa kope kushuka kama za mtu mwenye usingizi, halafu ulimi, halafu koo, halafu kifua. Kiden alisikiliza. Kisha akaondoka, akarudi.

"Zina moshi tu. Amepika tangu asubuhi."

"Mpeleke hospitali."

"Kwa ugonjwa gani, wa kuimba? Mwambie wewe."

Hakusema kwa ukali. Lakini hilo ndilo lililomfuata Cirillo njia nzima ya kurudi nyumbani. Katika mji mzima wa Juba, na wizara zake zote mpya, palikuwa na mtu mmoja tu aliyeijua dalili ya kutafuta katika uso ule, na mtu huyo ndiye pekee aliyekatazwa kuutazama.

Kanisani Jumapili, wanawake walikaa upande wao na wanaume upande wao. Cirillo alimwona Mama mgongo. Kwenye ngazi ya altare Mama aliunyoosha mguu, akaurudisha, akaunyoosha tena, kama anayepima kina cha maji. Lagu alilia alipomwagiwa maji, watu wakafurahi. Kisha Mama akakohoa, kikohozi kirefu chenye maji ndani yake, na Cirillo, kama sheria inavyoagiza, akatazama sakafu. Aliitazama sakafu ile mpaka akawachukia walioijenga.

Karamu ilianza mchana. Wanaume walikuwa nje ya ua, na pombe yao, na hotuba zao. Ezbon alikuwa ndani, akisimamia nyama kwa kuionja. Cirillo alishika bakuli asilokula. Kiden akatokea tunduni.

"Hamezi," alisema. "Nimempa maji yakarudi puani. Anasema amechoka, anataka kulala, nisimharibie sherehe."

Cirillo akaweka bakuli chini. Hakwenda tunduni. Alizunguka mpaka mlango wa ua, ule ambao hakuwahi kuuvuka, akauvuka.

Wanawake walimwona, na ukimya ukatambaa uani kuanzia mlangoni hadi jikoni. Mwiko mmoja ulianguka ndani ya sufuria ukaachwa humo. Mjomba Ezbon alisimama, mkononi ana mfupa.

"Mkwe," alisema kwa upole, "umepotea njia. Choo iko upande ule."

Cirillo alimpita. Mama Natalina alikuwa ameketi mkekani kando ya jiko, karibu na shimo lililokuwa bado wazi. Aliposikia ukimya alijua maana yake, akaivuta lawa yake, lile shuka la kufungwa begani, akajifunika uso. Mkono wake ulikosa uso mara ya kwanza.

Cirillo alipiga magoti. Hakuwahi kumsemesha tangu azaliwe.

"Mama, nisamehe. Funua."

Shuka lilikwenda na pumzi ya Mama, ndani na nje, bila haraka, bila nguvu. Cirillo akalifunua mwenyewe.

Ulikuwa uso wa kawaida. Hilo ndilo lililomuumiza: alikuwa na paji la Kiden, na kovu dogo la ndui, na hakuwa mzee kama kikohozi chake. Kope zilikuwa zimeshuka hadi nusu. Alikuwa ameinua kidevu ili aone kwa chini ya kope, na kwa adabu alijaribu kutazama pembeni, lakini macho hayakumtii.

"Kiden," alisema, na neno lilitoka zito, kama limefungwa kitambaa. "Leta viti viwili. Mkwe amekuja na ndugu yake."

Cirillo alikuwa peke yake.

Hapakuwa na gari. Palikuwa na baiskeli, na Cirillo akamweka mama mkwe wake kwenye kiti cha nyuma, akamfunga kwa lawa yake mwenyewe kiunoni pake ili asianguke, kifua cha Mama mgongoni mwa mkwe, mikono ya Mama tumboni mwa mkwe. Ezbon alikimbia nyuma akishikilia. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Watoto walikimbia nao wakishangilia, kisha mmoja baada ya mwingine wakaacha, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyecheka. Mgongoni Cirillo alisikia kila pumzi ya Mama ikiingia. Kati ya moja na nyingine alikuwa na muda wa kuomba, na muda huo ulikuwa unarefuka.

Hospitalini, daktari kijana aliinua kope moja kwa kidole, ikarudi chini yenyewe. Akauliza Mama amekula nini. Mlangoni walikuwa wamefika ndugu, na majirani, na watu wa karamu wakiwa bado na mafuta midomoni.

"Ni sumu?" daktari aliuliza kwa Kiarabu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa.

Mlangoni miguu iliacha kusogea.

"Ni chupa," Cirillo alisema. "Pesto ilifunikwa mafuta ikakaa kwenye joto, ikavimba. Hakuna mtu ndani yake. Mimi ndiye niliyeiomba, na ndiyo maana akaonja."

Daktari alielewa. Alisema dawa yake ipo duniani, ila haipo Juba, na hakuthubutu kuahidi Khartoum. Ingetegemea kifua. Kikichoka, kimechoka, kikistahimili, huenda akaamka taratibu, kwa wiki nyingi. Wakae naye.

Walikaa naye. Jumatatu asubuhi Mama hakuweza tena kusema wala kuinua mkono, na kope zilikuwa zimefunga kabisa. Muuguzi alisema anasikia kila neno, kwa hiyo waseme mema. Kiden alikuja na Lagu, akasimama kando ya kitanda.

"Mama, Lagu huyu hapa," alisema. Halafu akamgeukia Cirillo. "Hamwoni."

Cirillo aliweka kidole gumba chini ya nyusi ya mama mkwe wake, akaivuta kope juu, polepole, kama anavyovuta tairi asiumize tyubu. Jicho lilikuwa hai. Lilizunguka likitafuta, likampata mtoto, likatulia kwake muda mrefu. Kisha likahama, kwa shida, likaja kwa Cirillo, na hakuna aliyekuwa na la kulizuia lisimtazame.

Nje ya dirisha Ezbon alikuwa akiwaeleza watu. Ni chupa tu, alisema, chupa ilikaa vibaya. Sauti ya mwanamume ikauliza hizo chupa ziko wapi, zionwe. Ezbon akasema mkwe alizichukua. Alizitaka zote. Na mkwe mwenyewe amekula? Ezbon akafikiri, maana alikuwa mtu mkweli. Akasema hapana, mkwe hajala, amezitupa chooni, soko zima limenusa.

Lile neno lilikuwa limepata mtu wa kuingia. Cirillo aliwasikia wakikaribia dirisha, kivuli chao kikaingia juu ya shuka la kitanda. Hakugeuka. Chini ya shuka kifua cha Mama kilipanda, kikakaa, kikakaa zaidi, na yeye aliendelea kuishika kope ile juu, kwa kuwa jicho lilikuwa bado linamtazama, na Kiden alikuwa amemsogeza mtoto karibu.